Barabara ya Morogoro: Nani Apite Wapi?

Barabara ya Morogoro inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja, na kila mradi mkubwa ulioletwa kuiboresha umeshika kazi moja na kuziacha nyingine zijitafutie pa kupita. Ni ushoroba wa bandari: lori linalotoka Kurasini hushika Barabara ya Mandela, likapinda Ubungo, likapanda Kimara, na kuanzia hapo ndipo safari ya Lubumbashi, Lusaka, Kigali au Bujumbura inapoanza kweli. Ni barabara ya mji: watu wa Mbezi, Kibamba, Kiluvya na Kibaha huitegemea kila alfajiri ili wafike Kariakoo, Posta na Mwenge. Na ni barabara ya mtaa. Mtoto wa shule anaivuka, mama ntilie anapanga sufuria zake kandoni, na bodaboda anaishika kwa safari fupi ya kutoka kituoni hadi kona ya nyumbani kwa abiria wake.

Sasa ushoroba huu unasubiri mradi mwingine mkubwa, barabara ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze na baadaye Morogoro. Ndiyo maana nataka tuzungumze kabla ya tingatinga kuwashwa. Tumezoea kuuliza barabara iwe na njia ngapi. Swali linalotangulia ni nani apite wapi, saa ngapi, na kwa chombo gani. Likijibiwa, idadi ya njia inajipanga yenyewe. Lisipojibiwa, hata njia kumi zitajaa.

Barabara hii haikuzaliwa kuwa barabara ya mji. Novemba 1965, serikali ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru kule Rhodesia, Zambia ilijikuta njia zake za kusini haziaminiki tena, na malori ya mafuta yakaanza kukimbizwa kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka kwenye vumbi na matope, kwa ajali nyingi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970, na barabara yenyewe ikatiwa lami kuelekea Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka baharini. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wasiofika 300,000. Sensa ya 2022 iliikuta na watu 5,383,728. Barabara ya nchi jirani ikameza mji, au mji ukaimeza barabara. Kwa vyovyote vile, magari ya masafa marefu na maisha ya kila siku vimebaki vikigombea lami ileile tangu hapo.

Mradi wa kwanza kutamka waziwazi kwamba abiria wana haki yao kwenye barabara hii ulikuwa wa mabasi yaendayo haraka. Mei 2016 mwendokasi ulianza kutoa huduma kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, kilomita 21 kwa jumla. Mabasi yalipewa njia zao katikati ya barabara, vituo vya kulipia kabla ya kupanda, na sakafu iliyo sawa na jukwaa. Mtu wa Kimara aliyekuwa akiondoka nyumbani kukiwa giza ili awahi kazini alirudishiwa sehemu ya usingizi wake. Watu walioukosoa mradi huu baadaye wasisahau hilo. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya kimataifa, na ilistahili.

Hesabu yake ni nyepesi. Njia moja ya magari madogo, ikienda vizuri sana bila taa, hupitisha magari kama 2,000 kwa saa. Tukisema kila gari lina watu wawili, na sisi sote tunajua mengi yana mmoja, ni watu 4,000. Basi refu la mita 18 hubeba watu wapatao 150. Likipita moja kila dakika, njia ileile hupitisha watu 9,000 kwa saa. Lakini hesabu hii ina upande wa pili ambao Kimara wameuonja kwa uchungu. Basi likipita kila baada ya dakika kumi, njia hiyo hupitisha watu 900 tu, yaani chini ya robo ya njia ya magari madogo. Njia ya mabasi isiyo na mabasi ya kutosha ni ardhi iliyofungiwa, na ni vigumu kumlaumu dereva wa bajaji anayeitamani anapoiona tupu. Upungufu wa mabasi umekuwa ugonjwa mkuu wa mwendokasi kwa miaka mingi: zege lilikamilika, mabasi yakachakaa, na manunuzi ya mapya yakasuasua.

Ugonjwa wa pili ulikuwa Jangwani. Karakana ya mabasi ilijengwa katika bonde la Mto Msimbazi, na bonde likafanya kazi yake ya kupokea maji. Mvua kubwa ikinyesha, barabara hufungwa pale na huduma hukatika katikati ya jiji. Sasa kuna mradi wa kuliendeleza bonde hilo, wenye daraja jipya lililoinuliwa. Ni hatua njema. Nalitaja hili kwa sababu mpango wa usafiri uliweka moyo wa mfumo mahali ambapo kila mzee wa Magomeni angewaambia wasiweke, na mashauriano na wenyeji yangegharimu kidogo kuliko daraja.

Halafu ikaja Februari 2021. Ubungo, makutano yaliyokuwa yakila saa za watu kwa miongo, yalipata barabara za juu za ngazi tatu, zikapewa jina la marehemu Balozi John Kijazi. Kituo cha mabasi ya mikoani kilihama kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis. Wakati huohuo upanuzi wa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha kuwa njia nane ulikuwa ukiendelea. Kila kimoja peke yake ni kazi ya kujivunia. Tatizo ni namna vilivyounganishwa.

Shuka na gari kutoka Kibaha asubuhi. Lami ni pana, unakwenda. Ukifika Kimara, njia za magari ya kawaida zinakuwa mbili kwa kila upande, kwa sababu kuanzia hapo katikati ya barabara ni mali ya mwendokasi. Upana wote ule unamwagikia kwenye mdomo mwembamba. Foleni haikuondolewa, ilisogezwa na kupewa nafasi kubwa zaidi ya kujipanga. Na huu ndio mwenendo wa foleni popote duniani: ukifungua kizuizi kimoja, magari hufika haraka zaidi kwenye kizuizi kinachofuata. Houston, Marekani, walikamilisha mwaka 2008 upanuzi wa Katy Freeway, moja ya barabara pana kuliko zote ulimwenguni, na miaka michache baadaye muda wa safari za asubuhi na jioni ulikuwa umepanda tena. Lami mpya huita magari mapya na nyumba mpya. Anayepita Kibamba na Kiluvya leo anaona mapagala yakigeuka mitaa kila mwaka.

Mdomo ule wa Kimara hautapanuliwa kwa njia za magari. Nafasi haipo, na hata ingekuwepo, Magomeni na Fire hazina pa kuyaweka magari hayo yakifika. Kinachowezekana ni kupunguza idadi ya magari yanayolazimika kuufikia. Kwa abiria, maana yake ni moja: njia maalumu ya mwendokasi iendelezwe kutoka Kimara hadi Mbezi Luis, na kisha Kibaha. Mabasi ya mwendokasi yamewahi kupelekwa Mbezi na Kibaha, lakini yakishavuka Kimara yanaingia kwenye foleni pamoja na wengine, na faida yake yote inaishia hapo. Hebu mfikirie abiria aliyetoka Mwanza na watoto wawili na gunia la mchele, anashuka Mbezi usiku. Stendi ni kubwa na ya kisasa. Lakini mfumo mkuu wa mabasi wa jiji lake unaanzia kilomita kadhaa mbele, na kuufikia ni shughuli ya daladala, bajaji au bodaboda, kwa nauli ambayo usiku huwa haina kipimo. Stendi ya mikoani na kituo cha mwisho cha mwendokasi vilipaswa kuwa jengo moja.

Ardhi ya kufanya hivyo ipo, na hapa nataka tuseme wazi ilivyopatikana. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazungumzia mita 30 kila upande kwa barabara kuu. Upana huu mwingine ulitokana na sheria za zamani za hifadhi, na wakazi walibisha hadi mahakamani kwamba walikuwa pale kihalali. Familia nyingi zilipoteza nyumba, makanisa na misikiti, fremu za biashara na miembe waliyoipanda wenyewe. Sitaki kurudia hukumu za kesi zile. Nasema tu kwamba ardhi iliyopatikana kwa gharama ya machozi kiasi hicho haiwezi kutumika kama akiba ya lami pekee. Deni letu kwa waliobomolewa ni kuhakikisha kwamba mita zile zinabeba watu wengi kadiri inavyowezekana: mabasi, waendao kwa miguu, baiskeli, na masoko madogo yaliyopangwa vizuri.

Tugeuke kwenye mizigo, ambako ndiko penye uzito, na ndiko wataalamu wa usafiri wa mijini hupita haraka kwa sababu lori halipigi kura.

Lori la ekseli saba likiwa limejaa, likipanda kutoka Ubungo kuelekea Kimara, linatembea kwa gia za chini. Mhandisi anayehesabu uwezo wa barabara hulihesabu kama magari madogo matatu, manne au zaidi, kwa sababu ya urefu wake, mwendo wake, na nafasi ambayo walio nyuma huiacha. Malori machache kwa dakika yanatosha kuila njia nzima. Na malori hayo hayatapungua. Bandari ya Dar es Salaam imeongezwa kina, gati zimeimarishwa, na tangu mwaka 2024 waendeshaji binafsi wakubwa wameingia kwenye makasha na shehena. Bandari ikifanya kazi haraka zaidi, lango lake linatema malori mengi zaidi kwa saa. Mafanikio ya Kurasini yanakuwa mateso ya Ubungo kama hakuna aliyepanga kinachotokea baada ya lango.

Jibu jepesi linalopendwa na madiwani wa miji mingi ni kuyapiga marufuku malori mchana. Manila walilijaribu Februari 2014. Katika miezi michache makasha yalirundikana bandarini, meli zikasubiri, bei za bidhaa zikapanda, na Septemba mwaka huohuo amri ikaondolewa. Somo walilolipata ndilo lenye thamani: mwaka uliofuata walianzisha mfumo wa miadi, ambapo kila lori huchagua saa yake ya kuingia bandarini, na saa zenye nafasi zikafanywa rahisi kuliko saa za msongamano. Dar es Salaam ingeweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na daraja moja la juu. Masharti yake ni kwamba kila mwenye muhuri awepo usiku: forodha, wakala wa meli, mlinzi wa ghala la makasha, benki ya kulipia. Ofisi moja ikifunga saa kumi na moja jioni, miadi ya saa nane usiku ni karatasi tu.

Mfano tunao nyumbani wa namna saa inavyoweza kuongeza uwezo wa barabara bila kumwaga lami. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku, hivyo yakatoka yote alfajiri kwa mkupuo na kushindana njiani. Oktoba 2023 safari za saa 24 zilirejeshwa, na msukumo ule wa saa 12 asubuhi ukatawanyika. Usalama wa usiku unahitaji usimamizi mkali wa madereva na vidhibiti mwendo, na hilo si la kuchezea. Lakini barabara ileile ilipata saa nyingine za kufanya kazi.

Jibu kubwa la mizigo, hata hivyo, liko Kwala. Julai 31, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bandari Kavu ya Kwala, mkoani Pwani, takriban kilomita 90 kutoka bandarini, pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa ya SGR. Nchi jirani, zikiwemo Burundi, Rwanda, Kongo na Zambia, zimetengewa maeneo yao. Barabara ya zege inaunganisha Kwala na Vigwaza, kwenye barabara kuu. Wazo lenyewe ni zuri kuliko jambo lolote lililowahi kufanywa kwa ajili ya foleni ya Kimara: kasha linashuka melini, linapanda treni, na lori la kutoka Lubumbashi linalikuta Kwala bila kuiona Ubungo kabisa. Treni moja ya mabehewa 30, kila behewa likiwa na makasha mawili ya futi 20, inaondoa mjini kati ya malori 30 na 60.

Lakini wazo zuri halisafirishi kasha. Tajiri wa lori hupiga hesabu ya safari nzima, kwenda na kurudi. Anashusha shaba bandarini, anachukua kasha la bidhaa, anarudi. Akiambiwa bidhaa ziko Kwala lakini shaba apeleke Kurasini, ataingia mjini tu. Akiambiwa achukue kasha Kwala lakini kasha tupu alirudishe kwenye yadi ya wakala wa meli huko Dar es Salaam, ataingia mjini tu. Kwa hiyo Kwala inahitaji kupokea shehena inayotoka nje ya nchi, siyo kutoa ile inayoingia peke yake, na kampuni za meli zinapaswa kukubali makasha matupu yarejeshwe hukohuko. Gharama ya kulinyanyua kasha mara mbili zaidi, kulipandisha trenini na kulishusha, lazima iwe ndogo kuliko siku ambazo lori lingepoteza mjini. Na hati zote zimalizikie Kwala. Wakala wa forodha anayelazimika kurudi Dar kwa saini moja atamwambia mteja wake aachane na reli.

Majirani zetu wamekwisha kulipa ada ya somo hili. Kenya ilipofungua SGR ya Mombasa hadi Nairobi, serikali ilitumia amri kuyapeleka makasha ya waagizaji kwenye bandari kavu ya Nairobi kwa treni. Waagizaji walilalamika juu ya gharama na ucheleweshaji, Mombasa ikalia kwa ajira za mawakala, madereva na maghala, na Septemba 2022 Rais William Ruto, mara baada ya kuapishwa, akairudisha kazi ya kuondoa mizigo Mombasa. Treni haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kulazimisha kwa barua kile ambacho bei na ubora wa huduma vilipaswa kushawishi. Kwala isianze kwa amri. Ianze kwa kuwa nafuu, na msafirishaji atakwenda mwenyewe bila kuitwa.

Nikiwa bado kwenye malori, neno juu ya mizani. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda kwa kasi kubwa kuliko uzito wenyewe, takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli. Ekseli inayoruhusiwa tani 10 ikibeba 12, haiharibu kwa asilimia 20 zaidi. Inaharibu mara mbili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa lori zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Vita vya kuufikia ukomo huo vilikuwa virefu. Oktoba 2013, Wizara ya Ujenzi ilipofuta msamaha wa asilimia 5 waliokuwa wakiupata wasafirishaji, malori yaligoma kwenye mizani, na Waziri Mkuu akausitisha uamuzi. Kila tani ya ziada iliyopita siku zile ililipwa na mtu mwingine, kupitia tozo iliyo ndani ya kila lita ya mafuta, hata ya bodaboda. Njia nane za Kimara zitadumu kwa kadiri mizani ya Vigwaza itakavyoheshimiwa. Na mizani hiyo ipo upande wa pili wa Kibaha. Lori linalotoka bandarini na kuishia kwenye maghala ya mjini halilifikii daraja lile la kupimia, kwa hiyo uzito unapaswa kupimwa pia kwenye lango la bandari na la kila ghala.

Kazi ya tatu ya barabara hii, ile ya mtaa, ndiyo inayoua. Njia nane zina upana wa mita kama 28 bila kuhesabu kisiwa cha katikati. Bibi anayetembea polepole, mita 0.8 kwa sekunde, anahitaji sekunde 35 kuvuka. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri karibu mita 780 katika sekunde hizo. Hakuna jicho la bibi linaloweza kulipima gari lililo umbali huo, usiku, mvua ikinyesha. Madaraja ya waenda kwa miguu yanasaidia pale yalipo, lakini ngazi ndefu humkatisha tamaa mjamzito, mlemavu na mbeba mzigo, na umbali kati ya daraja na daraja humfanya kijana aruke ukingo. Dawa inayojulikana ni vivuko vyenye taa kwenye usawa wa barabara karibu na kila kituo, kisiwa kipana cha kusimama katikati, na mwendo wa kilomita 50 unaosimamiwa kwa kamera badala ya askari aliyejificha nyuma ya mwembe. Tukisema vivuko hivyo vitapunguza kasi ya magari, tumekwisha kuamua thamani ya bibi yule.

Barabara za pembeni nazo zinadharauliwa. Bodaboda na bajaji wangekuwa na njia ya kuendelea kando, kutoka kituo hadi kituo, wasingeingia barabara kuu kwa safari fupi, wala kurudi upande usio wao. Malori yangekuwa na maegesho yenye choo, maji, chakula na ulinzi, utingo asingelala chini ya trela kwenye bega la barabara. Mama ntilie ni sehemu ya usafirishaji wa mizigo kama ilivyo dizeli, kwa sababu dereva lazima ale. Mpango unaomfukuza bila kumpa banda kwenye maegesho hayo utamkuta amerudi kesho yake, mita mbili kutoka kwenye matairi.

Sasa barabara ya kulipia. Kutoka Kibaha kwenda Chalinze barabara bado ni ya njia moja kwenda na moja kurudi, ilhali inabeba magari ya Tanga na Arusha, ya Dodoma na Mwanza, ya Mbeya na Zambia, yote pamoja mpaka pale Chalinze yanapoachana. Anayeipita anajua hofu ya kulipita lori mlimani bila kuona mbele. Kwamba panahitajika barabara bora, sina ubishi. Serikali imechagua ubia na sekta binafsi kwa sehemu ya kwanza ya kilomita 78.9, mwekezaji ajenge na kurudisha fedha zake kwa tozo. Njia hiyo inaweza kufaa. Nairobi Expressway ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, imeonesha kwamba wenye uwezo watalipa ili waokoe muda. Imeonesha pia kwamba wasio na uwezo hubaki chini, na barabara ya chini isipotunzwa, tozo inakuwa ada ya kukimbia uzembe wa serikali yenyewe. Barabara ya zamani ya Kibaha hadi Chalinze lazima iendelee kupata fedha za matengenezo kwa mujibu wa mkataba, na mabasi ya abiria yawekewe tozo inayohesabu watu waliomo, siyo ukubwa wa gari tu.

Jambo linaloninyima raha zaidi liko kwenye ramani. Kwala na Vigwaza ziko kati ya Kibaha na Chalinze. Kwa hiyo treni ya mizigo ikifanikiwa, malori ya nchi jirani yatageuzia Vigwaza na hayataikanyaga sehemu ya Kibaha hadi Vigwaza kabisa. Mafanikio ya reli ya serikali yatakuwa hasara ya tozo ya mwekezaji, kwenye kipande hichohicho, na malori ndiyo yanayolipa tozo kubwa kuliko magari yote. Mwekezaji makini ataliona hilo kabla hajatia saini, na ataomba kinga: dhamana ya idadi ya magari, au kifungu kinachoizuia serikali kuboresha njia yoyote inayoshindana na yake.

California walikitia saini kifungu cha namna hiyo. Desemba 1995 njia za kulipia za kampuni binafsi zilifunguliwa katikati ya barabara namba 91 katika Kaunti ya Orange, na mkataba ukaifunga mikono serikali ya jimbo isipanue njia za bure zilizo kando yake. Msongamano wa njia za bure ukawa soko la njia za kulipia. Kilio cha wananchi kiliisha tu pale mamlaka ya usafiri ya kaunti ilipoinunua haki ile mwaka 2003 kwa dola milioni 207.5, ili ipate ruhusa ya kuwahudumia watu wake.

Wakala wa Barabara (TANROADS), Shirika la Reli, Mamlaka ya Bandari na wakala wa mwendokasi (DART) wana wakuu tofauti, bajeti tofauti, na washauri tofauti. Mkataba wa barabara ya kulipia ndio utakaowafunga wote pamoja, watake wasitake, kwa miaka mingi kuliko maisha ya serikali yoyote. Kabla haujasainiwa, wabunge wa Pwani na Dar es Salaam wana haki ya kuuliza kifungu kwa kifungu: je, treni ya Kwala imetajwa kwamba si mshindani wa mwekezaji? Je, njia ya mwendokasi ikifika Kibaha itahesabiwa kupunguza mapato yake? Je, barabara ya zamani ikipanuliwa, nani anamlipa nani? Na magari yakipungua kwa sababu reli imefanya kazi ambayo taifa liliikopea matrilioni ili iifanye, je, Hazina itatakiwa kumfidia mwekezaji kwa malori ambayo sisi wenyewe tulitaka yaondoke barabarani?